Kitambaa chenye Geti Letu

Bwenini, 9 Februari

Mama mdogo,

Shikamoo. Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Hapa mwalimu wa zamu anatuazima simu yake Jumapili, tunapanga foleni, na walio nyuma yako wanasikia kila kitu. Mimi kwenye simu nakwama. Nikikwama, mtu wa upande wa pili anasema "halo? halo?" na mimi nazidi kukwama. Kwenye karatasi hakuna anayeniambia halo.

Nina shida. Mwezi wa nne mama atatimiza mwaka tangu atutoke. Wale wanawake aliowafundisha kushona wameomba ukumbi wa shule ya msingi ili wakae pamoja wamkumbuke, na wamemwambia baba kwamba wa kuzungumza ni mimi. Mimi! Mtu ambaye darasani nikijua jibu naangalia chini ili nisichaguliwe.

Nilimuuliza baba niandike nini. Alijibu kwa mistari miwili: "Andika alikuwa mke mwema, mama mwema, fundi hodari. Inatosha." Unamjua. Anachomelea mageti siku nzima, na maneno anayatoa kama vile yanauzwa kwa kilo.

Nimejaribu. Nimeandika kwa lugha ya darasani, mama akatoka kama meneja wa benki aliyestaafu. Nikaandika kwa lugha ya nyumbani, akatoka kama malaika wa kwenye kadi ya pole. Hakuna nilipomwona yule aliyekuwa anatufokea huku pini ziko mdomoni, hata moja haidondoki.

Jambo la pili ni nguo. Unakumbuka alivyokuwa anachonga mihuri kwenye soli za kandambili zilizokwisha, anachovya kwenye rangi, anachapa vitambaa? Kabla hajalala kitandani moja kwa moja alichapa kimoja cha buluu. Alikijaza geti la nyumba yetu, lile lenye majani yaliyopinda, dogo dogo, kila mahali. Akaniambia, "Hiki chako. Ukifunga shule nakikata." Pateni, zile karatasi za kukatia nguo, alishazichora kwenye magazeti. Hakunipima. Alinitazama tu akasema mabega yangu yatapanuka, hivyo anachora ya mwaka ujao. Nikafunga shule, yeye hakuweza tena kushika mkasi.

Nataka nivae hicho. Nadhani nikikivaa nitaweza kusimama.

Mama mdogo, mama alikuwa nani kabla hajawa mama yangu? Wewe ndiye uliyelala naye kitanda kimoja. Niambie hata mabaya. Naogopa kukuambia hili lakini nalisema: sauti yake imeanza kunipotea. Nakumbuka maneno, ila yanasemwa na sauti yangu mimi.

Wako,
Kifungo


Chumba cha pasi, 20 Februari

Kifungo wangu,

Marahaba, marahaba mno. Nakuandikia wakati wa mapumziko, hapa chini tunaponyoosha mashuka ya hoteli, kwa hiyo ukiona karatasi imejikunja ujue ni mvuke. Mimi silii kazini, mashuka ya wageni yangepata madoa.

Unajua kwa nini unaitwa Kifungo? Ulikuwa unatambaa chini ya cherehani ukameza kifungo cha koti la mteja. Baba yako alitaka kuita gari la wagonjwa. Mama yako akasema, "Tulia, kitatoka." Kikatoka. Akakiosha, akakichemsha, akakishona kwenye koti, mwenye koti akaja akalivaa akasifia. Huyo ndiye mama yako. Hilo kwenye kadi ya pole halimo.

Na walivyokutana, umeambiwa? Tulikuwa tunapita karakanani kwa baba yako, wasichana wawili na vikapu. Mama yako akasimama. "Fundi, hili geti umewatengenezea watu au mahabusu?" Baba yako, kijana mwembamba, masikio yamejaa vumbi la chuma, akasema, "Mteja ametaka imara." Mama yako akamchomoa chaki sikioni, nakuapia, sikioni kabisa, akapiga magoti akachora jani sakafuni. "Hili nalo imara." Wiki iliyofuata lile jani lilikuwa getini. Mageti yote ya mtaa wenu ni mkono wa mama yako. Watu wanamsifu fundi.

Sasa mabaya, kwa kuwa umeyaomba.

Usisome pale mbele kwamba alikuwa mke mwema, ukaketi. Ulipokuwa na miaka minne, kiwanda cha vitambaa cha huku kwetu kiliiona kazi yake kwenye maonyesho, kikamwita akae chumba cha wachoraji. Kuchora tu, kutwa nzima, na meza yake mwenyewe! Mngehamia wote, au angetangulia. Nilimtafutia chumba. Alipanga begi. Nilikwenda kituoni kumpokea, basi likashusha watu, wakaisha, dereva akafunga mlango. Hakuja. Baadaye aliniambia, "Nimebadili mawazo." Dada yangu hakuwahi kubadili mawazo hata kuhusu rangi ya uzi.

Baba yako alimkatalia. Sijamuuliza, wala sina haja. Tangu siku ile mimi na shemeji ni habari ya asubuhi, habari ya jioni, na tangu mazishi hata hiyo haipo.

Nikwambie jambo. Chumba changu kina nafasi, na huku kuna shule nzuri yenye darasa la uchoraji. Mkono wako ni wa mama yako, nimeona. Nyumba ile ya watu wasiosema itakunyonya wewe kama ilivyomnyonya yeye. Sema neno moja tu, nakuja kukuchukua.

Mama yako mdogo


Bwenini, 3 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo na mgongo.

Nauliza. Je, ni kweli mama aliitwa kazini kiwandani, kuchora, na wewe ukamkatalia?

Ni hilo tu. Mtihani wa hesabu ulikuwa wastani.

Binti yako


Nyumbani, 10 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo unaendelea. Wastani si mbaya, ongeza bidii.

Bati la jikoni lilikuwa linavuja, nimeliziba. Jirani wa kona ameagiza madirisha sita, kazi ipo. Paka amezaa nyuma ya mitungi ya gesi, nimehamisha mitungi.

Kuhusu ulichouliza, tutazungumza ukija.

Ukifika usiingie chumba cha mama cha kushonea. Kuna kazi naifanya mle.

Baba


Nyumbani, 2 Aprili

Mama mdogo,

Nisamehe mwandiko. Naandikia juu ya goti, kwenye ngazi za nyuma.

Nimefika tangu Ijumaa. Hatujazungumza. Anaamka, ananiwekea chai, anasema "chai hiyo," anakwenda karakanani. Jioni anaingia chumba cha mama, anafunga mlango kwa ndani. Nasikia mkasi. Mkasi wa mama, ule mkubwa, naujua mlio wake. Mara cherehani inatembea hatua mbili tatu, inakata uzi, inanyamaza. Baba anasema neno ambalo sikujua analijua.

Leo asubuhi nilikwenda kumwaga taka karakanani. Ndani ya pipa, chini ya vumbi la chuma na vipande vya nondo, kulikuwa na buluu. Nikavuta. Vipande, mama mdogo. Vyembamba, vya kila umbo, na mageti madogo yamekatwa katikati. Kimoja kilikuwa na grisi. Ameugeuza urithi wangu matambara ya kufutia mikono.

Nilikwenda nikasimama mbele yake. Mashine ya kukatia chuma ilikuwa inanguruma, nikangoja aizime. Na safari hii sikukwama. Inaniuma kwamba siku pekee niliyosema bila kukwama nilisema hivi: "Umekikata kama ulivyomkata mama."

Alivua miwani ya kazi. Akaangalia kile kipande mkononi mwangu. Nilimpa muda, nilitamani anifokee, anipige hata kofi, aseme mimi ni mtoto mjinga. Akavaa miwani, akawasha mashine.

Nimelisema lile neno, mama mdogo. Njoo unichukue. Nitazungumza ukumbini tarehe kumi na nane kwa ajili ya mama, halafu naondoka nawe. Vitu vyangu vinaingia kwenye begi moja.

Kifungo


Nyumbani, 3 Aprili

Shemeji,

Salaam. Sijawahi kukuandikia, sijui pa kuanzia.

Nimeharibu kitambaa cha mtoto. Kile cha buluu. Nilitaka akirudi akute gauni limening'inia. Nilichukua karatasi za mama yake, nikazipanga juu ya kitambaa, nikapiga chaki, nikakata. Nilikata vizuri. Mimi kwenye chuma nakata juu ya mstari, ukitoka nje ya mstari geti halifungi. Nikaunganisha vipande. Kikatoka kidogo, hakifungi kifuani, mikono haiingii. Nikafumua nikashona tena, hali ile ile. Nikapunguza kingo ili zilingane, nikazidisha ubaya. Masalia nikatupa pipani. Mtoto ameyaona.

Sijui nimekosea wapi. Mama yake hakuwa anakosea. Wewe ulikaa naye kwenye cherehani, niambie kama nguo inaokoleka.

La pili. Mtoto aliniuliza kwa barua kuhusu kiwanda, nami nikamwandikia habari za bati. Najua wewe ndiye uliyemwambia. Sikulaumu, kwa sababu hukujua, na mimi sikukuambia.

Sikumkatalia. Siku ile alikuja karakanani na begi. Nilikuwa napaka rangi geti la watu. Akasema, "Basi linaondoka saa nane. Unasemaje?" Nikaendelea kupaka. Niliwaza nikisema baki nitakuwa nimemfunga, na nikisema nenda ataona huko kuzuri, atarudi kwangu kufanya nini. Kwa hiyo sikusema lolote. Nilipaka lile geti mara ya pili, halikuhitaji. Alisimama mpaka akachoka, akarudi ndani. Nikasikia anafungua begi.

Jioni alinipikia kama siku zote, akanichagulia na nyama ya mfupa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angenimwagia lile sufuria ningepona.

Hakuwahi kulitaja tena. Akawa anachora mageti yangu, anafundisha wale wanawake, anamlea mtoto. Watu wakimwona wanasema ana furaha. Na kweli alikuwa anacheka, unamjua. Mimi nilikuwa nikimsikia anacheka nawaza juu ya begi.

Mtoto anataka kuja kwako. Sina haki ya kumzuia. Usimwambie haya.

Shemeji yako


Chumba cha pasi, 8 Aprili

Kifungo,

Nakutumia barua ya baba yako, ndani ya hii. Ameniomba nisikuambie. Mimi nimenyamaza miaka kumi na mbili kwa sababu ya kitu nilichodhani nakijua, na nimechoka kunyamaza. Isome ukiwa umekaa.

Ukimaliza, sikiliza. Baba yako hakukosea kukata. Mama yako hakuwa anaacha nafasi ya mshono kwenye karatasi. Karatasi ilikuwa mwili wa mtu, basi. Nafasi aliiongeza na mkasi, upana wa kidole nje ya mstari, kwa jicho. Wanafunzi wake wote waliharibu kitambaa cha kwanza kwa kosa hilo hilo. Alikuwa anawaacha waharibu, ndipo anawaambia. Mimi mwenyewe niliharibu sketi ya sikukuu, nikamnunia mwezi mzima.

Fumua ubavuni pande zote mbili na chini ya makwapa. Tia kitambaa kingine. Usitafute buluu inayofanana, haipo, itaonekana kama kiraka. Tafuta isiyofanana kabisa.

Sitakuja tarehe kumi na nane. Si hasira. Nikija nitakaa katikati yenu, mtaniangalia mimi badala ya kuangaliana. Lile neno uliloniambia ulilisema kabla hujajua. Nangoja ulirudie au ulifute. Vyovyote, chumba kipo.

Na mwambie shemeji... Usimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe. Sijajua kitu gani.

Mama yako mdogo


Nyumbani, 21 Aprili

Mama mdogo,

Shikamoo. Nilisoma ile barua ya baba mara nyingi, halafu nikaipeleka karakanani na kuiweka juu ya meza ya kazi, imefunguliwa. Aliutambua mwandiko wake mwenyewe. Alikaa juu ya ndoo. Nikasema, "Nafasi ya mshono. Upana wa kidole nje ya mstari." Akaangalia kidole chake, kile kinene cha shahada, akasema, "Kidole cha nani?" Nikacheka. Sikupanga kucheka, na yeye hakuwa anatania, ila naye akaishia kucheka.

Tulifumua pamoja. Anafumua vizuri, anatumia wembe kama daktari. Kitambaa kingine tulikipata nyuma ya mlango: aproni ya kazi ya mama, ile ya kahawia yenye alama ya pasi iliyoungua. Baba aliuliza kama nina uhakika. Nikasema ndiyo. Mkasi nilishika mimi. Mistari miwili ya kahawia imeshuka ubavuni, na alama ya pasi imeangukia chini ya mkono wa kushoto. Nikitulia haionekani. Nikinyanyua mkono inaonekana.

Ukumbi ulijaa. Nilisimama na karatasi yangu na nikakwama kwenye neno la kwanza kabisa, "mama." Nilibaki kwenye "m" kama cherehani iliyoshika uzi. Watu wakaanza kuangalia viatu vyao kwa huruma. Mmoja wa wanafunzi wa mama, yule mnene mwenye sauti, akapaza kutoka nyuma: "Chukua muda wako, mwanangu, sisi hatuna basi la kuwahi!" Wakacheka, neno likatoka.

Nilianza na kifungo. Mama mdogo, mwenye koti alikuwepo! Amekaa safu ya tatu. Nilipofika pale pa kuchemsha niliona mzee mmoja anajishika kifua, anahesabu vifungo vyake kimoja kimoja, anamtazama mkewe. Ukumbi mzima ulimgeukia. Hata baba.

Nikasema habari za jani la sakafuni na mageti. Kisha nikafika mahali nilipoandika mistari miwili tofauti, mmoja wa sifa tupu na mmoja wa ukweli, sijui nitasoma upi. Nikamtazama baba. Alikuwa amevaa shati jeupe alilolinyoosha mwenyewe, mkono mmoja una mkunjo. Akaitikia kwa kichwa, kwamba soma ukweli. Nikasoma hivi: "Mama yangu alitupenda. Mama yangu alitaka kwenda. Alipanga begi na akalipangua, na hakutudai chochote kwa hilo, na mimi naona tulipaswa kudaiwa. Nawaomba msimkumbuke kama mtu aliyetosheka. Alikuwa na vingi kuliko nafasi tuliyompa."

Yule mnene alikuwa analia bila sauti, jambo ambalo sikudhani analiweza. Baba alikuwa anaangalia mbele tu.

Hilo lilikuwa Jumamosi. Jana nilikwenda karakanani. Nilibeba begi langu. Sikutaka kumwigiza mama, nakuapia. Nilitaka tu ajue kwamba nauliza kweli. Alikuwa anakata chuma. Nikasimama pale mlangoni, nikasema juu ya kelele, nikakwama kidogo katikati: "Mama mdogo ana chumba. Kuna shule. Unasemaje?"

Akazima mashine. Akachukua tambara, akafuta mikono. Akaifuta tena, ilikuwa imeshatakata. Nilijua niko pale pale alipokuwa mama, na nikaelewa alivyosubiri, na nikasema moyoni, asipojibu naondoka na sitarudi hata likizo.

"Ubaki," akasema. Akalisema kwa nguvu mno, kama mashine bado inanguruma, mpaka paka akakimbia. Kisha kwa sauti ndogo: "Mimi nataka ubaki. Ukitaka kwenda nitakubebea hilo begi mpaka kituoni, nitakununulia na maji. Lakini umeniuliza nataka nini. Nataka ubaki."

Nimebaki, mama mdogo. Nafuta lile neno. Nitamaliza shule hapa, na darasa la uchoraji nitalifikiria baada ya mtihani, naomba usinifungie mlango. Sijui kama nimechagua vizuri. Leo amerudi kwenye kimya chake, amesema "chai hiyo" na kuondoka, na nilitamani kumrushia kikombe. Ila begi nililipangua mwenyewe, na nilipokuwa nalipangua sikuwa na uchungu.

Jambo moja silimalizi kichwani. Siku ile mama alikuwa anasubiri aambiwe nenda, au aambiwe baki? Wewe dada yake unadhani lipi? Nimewaza sana, na naona angeweza kuishi na lolote kati ya hayo mawili.

Wako,
Kifungo

Baba ananisimamia mgongoni hapa, anataka niongeze: tutumie vipimo vyako, mabega, kifua na kiuno. Mihuri ya mama ipo na rangi imebaki kidogo. Anasema usipunguze hata kimoja kwa maringo, na kwamba safari hii atakata nje ya mstari.